Feni Ndiyo Imelala

AC inayopoza vizuri ukiwa mwendo wa themanini, kisha inapuliza joto ukikwama kwenye msongamano wa Changamwe, usikimbilie kuiongeza gesi. Angalia feni kwanza. Gesi ikitoka kwa kompresa huwa moto na imebanwa. Hupitia kondensa, ule wavu wa mabomba membamba mbele ya rediata, iachie joto hapo. Gari likikimbia, upepo wa barabara hufanya kazi hiyo bure. Likisimama, ni feni tu. Isipozunguka, presha inapanda, na magari mengi huizima kompresa ili isiharibike.

Makala hazilipi kodi ya nyumba, kwa hivyo tangu niache chuo naendesha teksi ya binamu yangu hapa Mombasa. Abiria akiloa jasho nyota zinashuka, na nyota zikishuka simu inanyamaza. Fundi wa kwanza alitaka tununue kompresa, pesa za kodi ya miezi mitatu. Nikakataa. Wa pili, kijana wa jua kali asiye na maneno mengi, alichomoa soketi ya feni akaipa moto moja kwa moja kutoka kwa betri. Kimya. (Ingezunguka, angehamia fyuzi na rilei.) Akaigonga mota na mpini wa bisibisi: ikashtuka, ikazunguka kidogo, ikalala tena. Brashi za kaboni ndani zilikuwa zimelika.

Tuliweka mota ya mtumba. Binamu hajafurahi, yule fundi wa kwanza ni beshte yake, na gari ni lake.