Kuitengeneza Nyumba Kabla ya Kuiuza

Katika miji yetu ya pwani nyumba nyingi za wazee zinauzwa. Aliyeijenga amekwisha kufa, warithi wametawanyika, mmoja yuko Mombasa na mwengine Maskati, na nyumba ya mawe haikai bila ya mtu. Ikifungwa mvua mbili tatu huanza kuoza. Kuuza si haramu wala si fedheha. Tutakalo kulieleza ni lile lifanywalo kabla ya kuuza, ambalo watu huliita "kuitengeneza nyumba", kwani katika neno hilo mna halali na mna haramu, na mpaka baina yao ni mwembamba.

Jambo hili lilitufikia sisi alipofariki mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha nyumba katika mji wa Lamu. Mumewe na wazazi wake walikuwa wametangulia, na warithi tulikuwa watoto watano, waume wawili na wake watatu. Hesabu yake waijua hata wanafunzi wetu wa chuoni: mafungu 7, kila mwanamume 2 na kila mwanamke 1, baada ya kutolewa deni na wasia.

Hilo la "baada ya kutolewa deni" watu hulisoma mbio. Tulipokuwa tukiondoa vyombo tulikuta kashani kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake fedha, na kipande cha karatasi chenye jina la jirani. Ilikuwa amana. Lau tungalimwachia dalali kazi ya kuisafisha nyumba, kama alivyotaka, kitambaa kile kingalikwenda jaani pamoja na matambara. Basi twawanasihi warithi waondoe vyombo kwa mikono yao, na karatasi wazisome moja moja. Kurasa za msahafu zilizochakaa zifukiwe mahali safi, au zichomwe kwa heshima. Na kabla ya yote waulize kama nyumba ile si wakfu, kwani wakfu hauuzwi, hata warithi wote wakiwa radhi.

Ama nyumba yenyewe, ilikuwa na aibu mbili. Msomaji asiyeijua Lamu afahamu kwamba nyumba zile hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwani upana hauwezi kupita urefu wa boriti. Katika chumba cha ndani, boriti tatu zilikuwa zimeliwa na mchwa. Na ukuta wa choo, palipo na birika la maji, ulikuwa umelowa hadi kimo cha mtu.

Dalali alipouona alicheka. "Mwalimu," akasema, "hilo ni jambo la mifuko minne ya saruji na rangi nyeupe. Boriti tutazifunika kwa mbao. Mnunuzi ataona nyumba mpya."

Alisema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Ukuta wa chokaa hunywa maji kutoka chini na kuyatoa nje polepole, kama mtu avutaye pumzi. Ukipakwa saruji maji hukosa pa kutokea. Hupanda ndani kwa ndani pamoja na chumvi, na baada ya muda saruji hubanduka na vipande vya ukuta. Lakini miezi michache ya mwanzo ukuta ule hupendeza macho, na miezi michache yamtosha muuzaji.

Ndugu yetu mdogo akakubaliana na dalali. Si mtu mbaya, twamshuhudia kwa sala na kwa kuunga jamaa. Hoja yake ilikuwa kwamba mnunuzi ana macho yake, na kwamba katika hati tutaandika ya kuwa ameinunua nyumba kama ilivyo.

Tukamjibu kwa yale tuliyoyasikia darsani. Mtume (S.A.W.) amekataza kumfunga mnyama asikamuliwe siku kadha ili mnunuzi aone chuchu zimejaa, na amempa mnunuzi aliyedanganywa hivyo khiyari ya kumrudisha. Wanazuoni wa Kishafi wameliendeleza jambo hilo, wakataja hata maji ya kinu yanayozuiliwa kisha kufunguliwa mnunuzi anapokuja, ayaone yana nguvu. Saruji yetu ina tofauti gani na maji yale? Na ama sharti la "kama ilivyo", madhehebu yetu hayamwokoi nalo muuzaji ila katika aibu ya mnyama iliyo ndani, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sisi tulizijua zetu, tena si za mnyama.

Ndugu yetu alinyamaza. Aliyesema ni dada yetu mdogo, mjane, ambaye alikuwa akilingoja fungu lake alipe karo ya mwanawe.

"Kaka," akasema, "nyinyi mna mafungu mawili na mshahara wa chuo. Mimi nina moja. Hiyo aibu mtakayoionyesha nitailipa mimi?"

Wako watakaosema neno lile ni la upungufu wa imani. Sisi hatusemi hivyo. Kwa hesabu, bei ikishuka kila fungu hushuka kwa kiasi chake, na hapana aliyedhulumiwa. Lakini mia ya mwenye kingi si mia ya mwenye kidogo, na ni wepesi mtu kuwa mkweli kwa mali ambayo haihitaji.

Tulifanya hivi. Tulizibua makopo ya maji ya mvua, tukafagia, tukapaka chokaa kuta zilizokuwa nzima, tukaitia mafuta milango. Hayo yote ni halali, kwani nyumba ilifaidika nayo kweli. Ukuta wa choo tuliuacha vile vile, na mnunuzi alipokuja tukamwita fundi mwashi akamwonyesha mahali maji yalipofika, akazigonga boriti zile tatu mbele yake asikie mlio wake. Mnunuzi akapunguza bei, tena si kidogo. Dalali alitoka nje akavute sigara.

Baada ya mambo kwisha kwa Kadhi, ambaye Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemthibitisha katika mirathi ya Waislamu wanaokubali hukumu yake, fedha ziligawanywa mafungu 7. Kisha katika mawili yetu tukamtolea dada yetu kiasi kilichopunguka katika lake. Ndugu yetu hakutoa, wala hatukumdai. Hiyo ni hiba, si mirathi, na mtu halazimishwi hiba. Dada zetu wawili wengine walituuliza mbona wao hawakupata. Tukawaambia ukweli, kwamba waume zao wahai na wana kazi. Mmoja alikubali.

Dada yetu mdogo alizihesabu fedha zake mara mbili, akazifunga katika pembe ya leso, akaenda zake. Karo imelipwa. Kama ameridhika na siku ile hajatwambia, nasi hatujamuuliza.