Kiraka Kipya, Matundu Matatu: Usiamini Haraka

Wasee, leo tuongee kuhusu kiraka. Si cha suruali, cha bunduki.

Marekani kuna watu ambao mpaka leo wanashindana kulenga shabaha na bunduki za kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, ndugu za gobore. Chama chao, NMLRA, kilianza 1933 na uwanja wake uko Friendship, Indiana. Mimi sijawahi kushika bunduki, na hapa Kenya bila leseni usijaribu hata kwa mchezo. Lakini video za hawa wazee nazitazama usiku mpaka bando iishe, kwa sababu kuna ubishi wao mmoja unanigusa: je, kiraka cha muundo mpya kinafanya bunduki ilenge vizuri zaidi?

Iko hivi. Unamwaga baruti, halafu unafunika mdomo wa mtutu na kitambaa kilichopakwa mafuta au nta ya nyuki. Juu yake unaweka risasi ya duara, unashindilia mpaka chini. Mtutu wa inchi 0.50 mara nyingi hupewa risasi ya inchi 0.490 na kiraka cha unene wa inchi 0.015. Piga hesabu: kiraka kiko pande zote mbili, kwa hivyo jumla ni 0.520. Haitoshei, na hiyo ndiyo siri yenyewe. Kitambaa kinabanwa, kinaingia kwenye mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, kinaizungusha risasi na kuzuia moshi usipenye. Risasi ikitoka nje, kiraka kinaanguka.

Sasa wabunifu wanasema kitambaa cha duara kikizungushiwa risasi kinajikunja mikunjo isiyolingana. Kwa hivyo wanakata umbo la msalaba ama nyota, wengine wanapaka Teflon badala ya mafuta. Manze, wazo lina akili. Mwaka 1909 Franklin Mann... hapana, tusimchanganye jina: Franklin W. Mann alichapisha kitabu kizima cha majaribio, akaonyesha kwamba kasoro nyuma ya risasi inaharibu shabaha kuliko kasoro ya mbele. Yaani vile risasi inaachana na mtutu ni muhimu sana.

Lakini wazo kuwa na akili si ushahidi. Jamaa anapiga risasi tatu na kiraka cha nyota, matundu yanakaribiana, anapiga kelele, "Mmeona?" Buda, hatujaona kitu. Upana wa matundu hupimwa kati ya yale mawili yaliyo mbali zaidi. Ukiongeza risasi, upana huo unabaki vile ulivyo ama unakua, haupungui kamwe. Kwa hivyo tatu za kiraka kipya ukilinganisha na kumi za kiraka cha zamani, kipya kimebebwa kabla mechi ianze.

Mtihani wa haki ni huu: baruti ile ile, risasi zile zile, kitambaa cha unene ule ule, mtutu unapanguswa kila mara. Umbo pekee ndilo linabadilika. Piga kumi kwa kumi, ukipokezana, mara cha duara mara cha nyota, ndio upepo na uchovu visipendelee upande mmoja. Kisha rudia siku nyingine. Na uokote viraka vilivyoanguka: kilichoungua katikati kimepitisha moto, kilichokatwa kinaonyesha mtutu una makali.

Msimamo wangu? Umbo jipya linaweza kusaidia kidogo, lakini kama unene na mafuta havijakaa sawa, nyota haikuokoi. Na kuna wazee wanaokata kitambaa pale pale kwenye mdomo wa mtutu kwa kisu, kinakaa katikati chenyewe. Bei ya hiyo teknolojia ni kisu tu.

Hii inanihusu kwa sababu nakula kwa video. Majuzi niliombwa nionyeshe mafuta ya nywele, "kabla na baada", siku tatu. Pesa ilikuwa ya kodi ya mwezi mzima. Nikasema nipewe wiki nane, nipake upande mmoja tu wa kichwa. Wakanyamaza mpaka leo. Niliacha kampasi mwaka wa pili, na wengi wanadhani sayansi niliiacha huko getini. Zii. Kuhesabu mpaka kumi hakuhitaji digrii, kunahitaji usikimbilie kupost.

Kodi bado nadaiwa. Wewe ungechukua?