Bukene Wanamkumbuka Jenerali

Ukitoka Tabora kwa treni ya Mwanza, Bukene unaikuta kabla ya Isaka, ndani ya Wilaya ya Nzega. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, lakini safari za huku zilianza zamani. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Speke aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini hadi Ziwa Victoria, mizigo yake ikiwa mabegani mwa wapagazi. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, na kila aliyerudi kutoka pwani alirudi na habari.

Kupenda habari hakujaisha. Sokoni, akina mama wamepanga mafungu ya karanga, mchele wa majaruba ya hukuhuku, michembe na matobolwa. Chukua matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakauka kabisa. Huvimezi kwa haraka. Unatafuna, na utamu unakolea kadiri unavyotafuna. Ukianza na salamu ya huku, "Mwangaluka, mayu", kabla ya kuuliza bei, utavutiwa kigoda na kuulizwa habari za utokako.

Chini ya mwembe, wazee walinipokea hivyohivyo. Mazungumzo yalipofika kwenye mpira, walimtaja marehemu Juma Mkambi, "Jenerali", mchezaji wa Yanga na Taifa Stars. Walimjua kupitia redio. Mmoja alinieleza jinsi betri zilivyoanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, maana redio ikizimika mpira ukiendelea, mwenye nyumba atalaumiwa mwaka mzima. Ua mzima ulikusanyika kuzunguka redio moja, watoto mbele, na hakuna aliyeruhusiwa kukohoa.

Machi 8, 1980, Taifa Stars ilicheza na wenyeji Nigeria mjini Lagos, mechi yetu ya kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulifungwa 3-1. Bao letu lilikuwa la Mkambi, na hakuna Mtanzania aliyewahi kufunga kabla yake katika fainali hizo. Ilibidi tusubiri miaka 39, hadi Misri 2019, ndipo tukarudi.

Mkambi alifariki mwaka 2010. Chini ya mwembe ule anasimuliwa kama ndugu aliyelelewa mtaa wa pili, na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya Lagos wanasikiliza bila kuchoka. Hilo ndilo lililonifanya niipende Bukene: mtu akishaifurahisha, haimsahau.

Kumbukumbu ya namna hiyo inaweza pia kuandikwa kwenye viwanja. Uwanja wa Tabora unaitwa Ali Hassan Mwinyi, wa Mbeya Sokoine, wa Dar es Salaam Benjamin Mkapa. Viongozi hao wanastahili heshima hiyo. Waliotufungia mabao nao wanastahili. Halmashauri, shule na vijiji vyenye viwanja visivyo na majina, anzeni na Juma Mkambi.