Baridi ya Songea na Jiko la Chumbani

Mnaoolewa bara mnatuuliza sana habari za baridi, basi leo tuwape yetu.

Tulihamia Mfaranyaki, Songea, muda mfupi baada ya harusi, sanduku limejaa kanga na madera. Kwetu Unguja kipupwe ni shuka moja tu. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku meno yanagongana, na blanketi zito tulikuwa nalo moja.

Usiku mmoja tukaingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga dirisha. Mkaa umeshika vizuri, moshi hamna, tukajiona salama. Adhana ya Alfajiri tuliisikia kwa mbali, vichwa vinapasuka, miguu haibebi. Mmoja wetu alitambaa hadi mlangoni.

Mama jirani alitugombeza kama wanawe. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na usingizini huijui. Mtume (S.A.W.) ametukataza kulala na moto unawaka ndani, hadithi hiyo tunayo tangu madrasa, ila tulidhani ni habari ya kuungua tu!

Sasa moto uko uani: mafiga matatu, kuni kavu, sufuria kubwa. Maji ya kuoga, ya udhu, na yanayobaki tunayatia kwenye mpira wa maji moto, tunauviringisha kanga, tunautanguliza kitandani.

Bi harusi unayekuja huku, punguza madera mawili, tia blanketi.