Jumapili za Mama

Mama alipika miaka 19 kwenye mesi ya chuo kimoja cha umma hapa Nairobi. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari stejini. Jumapili tulienda kanisani bila yeye.

Mwaka jana niliajiriwa maktaba ya chuo hicho hicho. Nikajiunga na chama cha wafanyakazi. Ada hukatwa kabla sijauona mshahara. Mwakilishi wetu akanionyesha Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27: kila siku saba, mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika. Nikaanza kuhesabu Jumapili za Mama, nikaacha.

Jioni nikamwuliza, “Mama, hii kitu ulikuwa unaijua?”

Akaendelea kukata sukuma. “Kadi ya chama ninayo mpaka leo. Lakini supavaiza akikuambia ‘nisaidie leo tu,’ na fees yako haijalipwa, utamsomea kifungu?”

Sikuwa na jibu.

Jumamosi iliyopita, usiku, bosi wangu akapiga. Mwenzangu ni mgonjwa, nimsaidie kesho tu. Nilikuwa nimeshafanya siku sita. Mama alikuwa kando yangu, kimya, macho kwenye simu. Nikamwambia bosi pole, tutaonana Jumatatu, ratiba ndiyo inasema hivyo.

Nilipokata simu mikono ilikuwa inatetemeka. Mama akanisogezea kikombe cha chai.

“Ibada ya kwanza ni saa mbili,” akasema. “Usinicheleweshe.”