Kizingiti Hicho Kiko Mlango Gani?

Wakati wa kuvuna pamba ulipowadia nilichukua likizo fupi, nikaenda kuwajulia hali wazazi wangu kijijini, Wilaya ya Bariadi. Mkobani nilikuwa na nguo, sukari ya mama, na karatasi kumi na mbili zilizochapwa kwa Kiingereza. Karatasi hizo ndizo zilizonifanya niandike haya.

Misimu mitatu kabla ya hapo, mtafiti mmoja kijana, mhadhiri wa kilimo, alifika nyumbani kwetu. Chuo chake sitakitaja, kwa kuwa jambo ninalolieleza si la chuo kimoja. Alimwamkia baba kwa adabu, akala michembe pamoja na wazee, kisha kwa siku nne akazunguka shambani akihesabu funza wa vitumba na kuandika daftarini majibu ya baba. Alipoaga aliahidi kuleta matokeo. Na kwa hakika alitimiza ahadi kwa njia aliyoijua: aliandika makala, jarida moja la ng'ambo likaichapa, naye akanipa nakala nimfikishie mzee.

Baba alivaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaligeuza jedwali upande huu na upande huu, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, mimi najua kusoma," akasema. "Lakini hii sijui."

Maneno hayo yalinichoma, kwani najua baba alisomea wapi. Kati ya mwaka 1968 na 1972, serikali yetu ikishirikiana na UNESCO iliendesha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Mkoa wa Shinyanga, ambao enzi hizo ndio ulioishika Bariadi kabla Mkoa wa Simiyu haujazaliwa mwaka 2012, ulikuwamo. Watu wazima hawakufundishwa herufi kwa maneno matupu, bali kwa kazi zao wenyewe: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, na mvuvi alisoma habari za samaki. Baba, wakati huo kijana asiyejua kuandika jina lake, alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Basi pamba ndiyo iliyompa kisomo. Na zaidi ya miaka hamsini baadaye, makala ya pamba ya shamba lake mwenyewe ikamwambia kwamba hajui kusoma.

Jioni ile nikaanza kumfasiria. Mimi ni mwandishi wa habari mwenye stashahada, nikadhani kazi ni rahisi. Nilipofika mahali penye kiini cha makala, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Dawa inyunyizwe pale tu wadudu wanapofikia kizingiti cha madhara ya kiuchumi."

Baba akanitazama. "Kizingiti hicho kiko mlango gani?"

Mama alicheka mpaka akaweka chini ungo wa karanga. Mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebadilisha Kiingereza kigumu kwa Kiswahili kigumu, basi. Ilinibidi nianze upya. Nikamweleza kwamba mkulima apite shambani mara kwa mara, akate shamba kutoka pembe hadi pembe, akague mche mmoja hapa na mwingine pale, atafute mayai na funza wangali wadogo. Na kwamba kuna idadi ambayo ikifikiwa, hasara itakayoletwa na funza inazidi gharama ya dawa. Hapo ndipo pa kutwaa bomba. Tena afanye upesi, kwa sababu funza akishatoboa tumba na kuingia ndani, dawa haimfikii.

Baba alinyamaza kitambo. Msimu ule alikuwa amenyunyiza mara mbili, tena kwa dawa ya mkopo, baada ya kuona matumba yametoboka. Deni lilikatwa katika fedha za mauzo yake, na zilizobaki hazikutosha ada ya mdogo wangu wa mwisho.

"Kumbe tulikuwa tunaosha majani," akasema.

Ndugu msomaji, elimu hiyo ilikuwa imechapwa miezi kumi na minne kabla baba hajaingia katika deni lile.

Nilimpigia simu mhadhiri, nikimsimulia hali kwa hasira kidogo. Hakujitetea. Aliniambia kwamba amepata kuhudhuria semina mbili za uandishi. Alifundishwa kupanga makala, kuchagua jarida, kuwajibu wahakiki na kuwaepuka matapeli wanaofungua majarida ya uongo ili wale ada za waandishi. "Yote yalinifaa," akasema. "Lakini hakuna aliyenifundisha kumwandikia mzee wako, wala hakuna atakayenihesabia nikimwandikia."

Msaada wa namna ile si wa kudharauliwa. Mtafiti wetu huandika kwa lugha ya tatu, baada ya vipindi vya kufundisha na mitihani ya kusahihisha, na baadhi ya majarida humdai mamia ya dola kabla ya kumchapa. Ndiyo maana mipango kama AuthorAID, ulioanzishwa mwaka 2007 na shirika la INASP la Uingereza, imekuwa na manufaa kwa watafiti wa nchi zinazoendelea. Asiyechapwa hasikiki miongoni mwa wataalamu wenzake.

Lakini chuo kikuu cha kilimo kina wasomaji wa namna mbili. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984 kutokana na kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipewa jina la kiongozi aliyefariki mwaka uleule, na ambaye kilimo kilikuwa moyoni mwake. Chuo chenye jina la namna hiyo, pamoja na vyuo vyote vinavyofundisha kilimo, vina deni la kalamu kwa mwenye jembe.

Rai yangu ni fupi. Kila semina ya uandishi ya wahadhiri iwe na siku yake ya Kiswahili, na waalikwe walimu wa elimu ya watu wazima na waandishi wa magazeti. Fedha inayotengwa kulipia makala ng'ambo iambatane na fedha ndogo ya kuchapa kijitabu. Kijitabu kisomwe kwanza na wakulima watano kabla hakijakwenda mtamboni. Na mhadhiri anapofikiriwa kupandishwa cheo, kijitabu kilichofanyiwa uhakiki mzuri kiwekwe mezani pamoja na makala zake.

Mimi na mhadhiri tulianza na hatua ndogo. Tuliandika kurasa mbili, tukazituma kijijini, baba akazirudisha zikiwa na alama za kalamu nyekundu katika maneno saba. Tuliyabadilisha yote saba. Toleo la pili alilisoma peke yake, mama akisikiliza, wala hakuuliza habari za mlango.

Aliomba nakala thelathini za majirani zake wa chama cha msingi, akaongeza sharti moja: "Herufi ziwe kubwa. Wengi wetu tulisoma zamani, na macho yamezeeka kuliko akili."