Siku Tatu Ghorofani Katika Mji Mkongwe

Wengi wenu mmepata kufika Unguja kwa ajili ya mikutano, mkalala kwa ndugu huko Ng'ambo au karibu na kanisa la Mkunazini, na kesho yake mkarudi bandarini. Mimi nami nalifanya hivyo mara tatu. Lakini mwezi wa Julai mwaka jana nalikwenda kwa namna nyingine, kama mgeni anayelipa, nikakaa siku tatu katika hoteli iliyo katikati kabisa ya Mji Mkongwe. Sababu yake ni shangazi yangu.

Shangazi ana miaka 79. Bibi yake alizaliwa Mbweni, kusini ya mji, katika kijiji ambacho misheni ilikianza mwaka 1871 kwa watu waliotoka utumwani, akaolewa na mwalimu aliyeletwa kwetu Bonde. Mama wa bibi huyo alikuwa mtumwa wa nyumbani humo mjini. Kazi yake ilikuwa kupandisha maji, kutoka kisimani mpaka ghorofa ya juu, asubuhi na jioni. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri yake, utumwa haukukoma kwa siku moja, kama wengi wadhaniavyo. Aliyetaka uhuru ilimpasa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na bwana wake akalipwa fidia. Mama huyo alikwenda akauomba. Basi watoto wetu walio Dar es Salaam walipochanga fedha ili shangazi asafiri popote apendapo, hakutaja Yerusalemu. Alisema, "Nataka kulala juu, katika nyumba moja ya mji ule."

Twalivuka kwa meli ya asubuhi, mwendo wa saa mbili hivi. Gari la kukodi lilitupeleka mpaka ukingo wa mji, dereva akazima moto, akasema, "Mwisho wangu hapa." Katika miji mingine, hoteli ikijisifu kuwa iko katikati, maana yake gari litakushusha mlangoni. Hapa ni kinyume: kadiri nyumba ilivyo katikati, ndivyo utakavyotembea zaidi, kwa kuwa vichochoro havipitishi gari. Hamali alichukua mizigo yetu kwa mkokoteni, akatangulia, sisi tukamfuata polepole. Shangazi alipumzika barazani mara tatu. Mara ya pili mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa alijisogeza, akampa nafasi, akaagiza kikombe cha pili na kipande cha kashata, wala hakutuuliza tunatoka wapi mpaka kahawa ilipokwisha.

Nyumba yenyewe sitaitaja jina, kwa maana nina neno la kulalamikia. Nalipiga simu mapema nikaomba chumba cha chini kwa ajili ya miguu ya mzee, nikaahidiwa. Tulipofika twaliambiwa kwamba vyumba vya chini vimejaa, tumebakiziwa vile vya juu kabisa. Nalihesabu vipandio: 58, tena vya mwinuko mkali. Nalikasirika, nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya wageni. Shangazi akanivuta kanzu. "Mwanangu, si ndiko juu nilikokutaka?" Akaanza kupanda.

Huko juu palikuwa na vyumba viwili vilivyoshikana, sebule na chumba cha kulala, na pembeni mahali pa kuogea. Kitanda kilikuwa samadari ya zamani, kirefu mno hata ikatubidi kuomba kigoda cha kupandia. Mimi nalitandikiwa sebuleni. Vyumba vilikuwa virefu, lakini vyembamba. Msimamizi, kijana mpole ambaye kosa la simu halikuwa lake, alinionyesha sababu: dari imebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko haufiki mbali, basi upana wa chumba ni urefu wa boriti. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko mkono wangu, na kwa hiyo mchana ndani ni baridi. Chokaa hupumua, wanaoziba nyufa kwa saruji huifungia unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu.

Alinieleza pia kwamba nyumba nyingi za jinsi ile zisingesimama leo kama si wageni. Ile ya Hurumzi, ya Tharia Topan, Mhindi aliyesimamia forodha ya Sultani, sasa ni hoteli. Na Africa House ya Shangani, iliyokuwa klabu ya Waingereza, ni hoteli vilevile. UNESCO iliuandika mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2000, lakini kuandikwa hakushikilii ukuta: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, ikaua watu wawili. Hata hivyo nalijiuliza, nyumba ikiisha kuwa ya wageni, wale waliokaa humo wamekwenda wapi. Bei ya usiku mmoja ilikaribia mshahara wangu wa mwezi.

Usiku wa kwanza sikulala sana. Paka, pikipiki, watu wakiagana chini ya dirisha kama hawataonana tena, kisha adhana kutoka misikiti mingi kwa pamoja. Mkiwapeleka wazee wenu, chukueni shuka la ziada, na mweke taa karibu.

Asubuhi ya pili pampu iliharibika. Nalisikia hatua ngazini, nikafungua mlango, nikaona wasichana wawili wa nyumba wakipanda na ndoo za maji kichwani, wakihema. "Shikamoo, Bibi," wakasema, "tusamehe, maji yamechelewa." Shangazi aliitikia, akawatazama mpaka walipokwisha kumimina. Kisha akajifunga kanga yake, akashuka.

Nalidhani anakwenda kunywa chai. Nilipomfuata nalimkuta uani, ameshika jagi dogo la bati, msichana mmoja akimzuia. "Bibi, wewe ni mgeni, umelipa." "Najua, mjukuu wangu. Nijazie." Msichana alinitazama mimi. Nikamwambia ajaze.

Alipanda peke yake, akakataa mkono wangu. Kila pembe ya ngazi alisimama, jagi kifuani, akavuta pumzi, akaendelea. Ilichukua karibu robo saa. Huko juu alimimina maji katika beseni, akanawa uso na mikono, yaliyobaki akayamwagia mche wa mrehani uliokuwa dirishani. Alikuwa amelowa kifua chote.

"Alikuwa na miaka kumi alipoanza," akasema. "Na ndoo haikuwa hii."

Jioni ile msimamizi alikuja kwa furaha kutuambia kwamba chumba cha chini kimepatikana. Shangazi alimshukuru, akasema atabaki hapo hapo. Kesho yake nalikusudia tuwahi meli ya asubuhi, lakini nilipochungulia alikuwa bado amelala katikati ya samadari ile kubwa, chandarua kimeshushwa, na jua limekwisha kufika ukutani. Sikumwamsha. Tukaondoka na meli ya alasiri.